Mume hataki kutia sahihi fomu ya msaada

Shangazi, mimi ni Mkenya, naishi Texas. Mume wangu alikuwa katika jeshi la Marekani, bomu likamjeruhi kichwa huko Afghanistan. Namwogesha, namvisha, na usiku akiamka kwa mayowe namtuliza. Kazi niliacha. Kwao Kenya wanadai nimemkalia mtoto wao ndiyo maana hatumi pesa. Nasikia VA, idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani, husaidia watu kama mimi, lakini yeye hataki kutia sahihi fomu. Asema hajawa mtoto wa kulelewa. Nimechoka, na kuchoka kwenyewe naona haya. Nifanyeje?
Mama wa Wawili

Mwanangu, umechoka na kazi, hujamchoka mumeo. Kumnyanyua mtu mzima na kukesha naye ni kazi ambayo hospitalini watu hulipwa mshahara. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 kuwasaidia jamaa wanaouguza wanajeshi waliojeruhiwa. Mumeo akiwa na kiwango cha ulemavu cha asilimia 70 au zaidi kwa hesabu ya VA, na akihitaji kuhudumiwa kwa miezi sita mfululizo au zaidi, omba. Mkikubaliwa utapata posho ya kila mwezi, ushauri nasaha, bima ya afya kama huna, na angalau siku 30 kwa mwaka za kupumzika huku mwingine akishika zamu yako. Hizo siku 30 nakutakia kuliko hata posho.

Fomu ni 10-10CG, na inataka sahihi zenu wote wawili. Basi usimwendee na karatasi mkononi. Subiri siku aliyoamka vizuri, umwambie ulivyoniambia mimi. Yeye ni askari; anajua hakuna anayelinda lango peke yake mwaka mzima. Akikataa, mtafute mwenzake wa kikosi azungumze naye. Kuna maneno atakayoyapokea kwa aliyepigana naye, si kwa mke.

Akitaja kufa, usingoje kuche: piga simu ya msaada 988, kisha ubonyeze 1. Hata wewe unaruhusiwa kupiga kwa ajili yake. Na bunduki, kama ipo, itoke nyumbani leo.

Wakwe waeleze mara moja, bila ugomvi, kwamba mwana wao ni mgonjwa na anayemuuguza ni wewe. Nanyi mlio nyumbani Kenya mnaosoma haya, kabla ya kuuliza pesa, mpigieni mkamwana mumwulize kama jana alipata usingizi.