Mshahara wa msaidizi wangu unanilemea

SWALI: Mimi ni mwalimu, natumia kiti cha magurudumu. Msaidizi wangu huninyanyua kitandani, huniogesha na kunisindikiza shuleni. Mshahara wake unameza pato langu. Nifanyeje? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada yangu, usione haya kuomba haki yako. Bila msaidizi huyo, ungeamkaje uende kazini?

Kwanza, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha uombe cheti cha msamaha wa kodi cha Mamlaka ya Mapato (KRA). Agizo la kodi la mwaka 2010 kwa watu wenye ulemavu linasamehe kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za mshahara kila mwezi. Aidha, linatambua gharama za utunzaji wa mtu binafsi na wa nyumbani hadi Sh50,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mlipe msaidizi kwa M-Pesa au benki, na kila mwezi atie sahihi risiti. Bila karatasi, hoja yako haina miguu.

Usitegemee Inua Jamii, mpango wa serikali wa kugawa fedha za msaada. Kwa upande wa ulemavu, Sh2,000 zake za kila mwezi zinalenga kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa.

Pili, andikianeni mkataba. Msaidizi ni mfanyakazi: sheria inampa siku moja ya mapumziko kila wiki na siku 21 za likizo kwa mwaka. Tafuta mapema wa kumshikia zamu.

Usipunguze ujira wake ili mahesabu yatimie. Anayekunyanyua kila alfajiri naye ana mgongo wa kutunzwa.