Tarehe ya Kukabidhiwa Mzigo Huanzia Kiwandani

Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Januari, kamati nyingi za wazazi huagiza masweta kwa pamoja. Muuzaji huahidi wiki mbili, malipo ya awali hutolewa, na wiki mbili hupita bila mzigo.

Mara nyingi anayetoa ahadi hiyo dukani hajauliza kiwandani. Wiki mbili zaweza kuwa kweli, ila zinahesabiwa tangu kazi iingie mashineni. Kabla ya hapo ipo foleni. Mashine ya kufuma husimama inapobadilishiwa rangi ya uzi, hivyo kiwanda hukusanya oda za rangi moja na kuzifuma mfululizo. Mkiagiza masweta ya kijani wakati mashine zimefungwa uzi wa bluu, yenu yatasubiri, hata yakiwa machache. Uzi wa kijani usipokuwepo ghalani, siku huongezeka. Kisha kuna kuunganisha mikono na shingo, kudarizi nembo, kupiga pasi na kufungasha. Kudarizi husahaulika sana, nako mzigo hukwama ikiwa mashine ya nembo ni moja tu.

Hatukilaumu kiwanda kwa kupanga kazi hivyo, kwani ndivyo bei inavyoshuka. Kosa ni kuuza tarehe isiyotokana na ratiba hiyo.

Basi kabla ya kulipa, ulizeni: uzi wa rangi yetu upo? Kazi yetu itaanza kufumwa tarehe ngapi? Nembo itadariziwa wapi? Anayejibu “msijali” bila kutaja tarehe ameshawajibu. Nanyi kamilisheni orodha ya saizi mapema. Ikibadilishwa kazi ikiwa imeanza, ucheleweshaji ni wenu.

Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, muuzaji aliyekubali kupeleka bidhaa bila siku kutajwa hupaswa kuzipeleka ndani ya muda unaofaa. Muda huo hutegemea mazingira ya kila shauri, jambo lisilomsaidia mtoto anayeanza shule Jumatatu. Iandikwe tarehe kwenye hati ya oda, na iandikwe pia kwamba mzigo ukichelewa mnaweza kuukataa na kurejeshewa fedha.

Mnunuzi halazimiki kupokea mzigo kwa mafungu isipokuwa amekubali. Hata hivyo, kukubali kwaweza kuwafaa: fungu la kwanza liwe saizi za darasa la kwanza, maana wakubwa wengi bado wana masweta ya mwaka jana.