Muungwana ni nani? Maneno ya matabaka katika pwani ya Tanga

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa mapema kwamba binadamu ni nafsi yenye akili na utashi, na kwamba hadhi yake haitokani na mali wala ukoo. Darasani hakuna anayelipinga fundisho hilo. Katika makala hii tunapenda kulitoa nje ya darasa na kulipeleka Tanga na Pangani, ambako watu walipangwa katika matabaka kwa maneno tunayoyatumia hadi leo bila kuyachunguza.

Tuanze na neno muungwana. Leo tukisema fulani ni muungwana, tunasifu tabia yake: ana adabu, ana subira, hasemi hovyo. Katika karne ya 19 neno hilo lilihusu kwanza hali ya mtu katika jamii. Muungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa watu huru, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Tulitazame neno hilo lilivyoundwa: mtumwa ni yule anayetumwa. Ndani yake hamna minyororo wala soko. Linasema tu kwamba miguu ya mtu huyu huenda kwa amri ya mtu mwingine.

Lakini kati ya muungwana na mtumwa hapakuwa na mstari mmoja. Palikuwa na ngazi. Chini kabisa alikuwepo mjinga. Leo hilo ni tusi la mtu asiye na akili. Wakati ule lilimtaja mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua Kiswahili wala desturi za mji. Juu yake alikuwepo mzalia, mtumwa aliyezaliwa pwani na kukulia nyumbani mwa bwana wake, ambaye aliona ni aibu kuchanganywa na wajinga shambani. Suria alikuwa mjakazi aliyechukuliwa na bwana wake kama mke, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaa na bwana huyo alikuwa huru. Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo. Mtumwa aliruhusiwa kwenda mjini kutafuta kazi ya kutwa, na sehemu ya ujira wake akaipeleka kwa bwana. Nje ya ngazi yote alisimama mshenzi, yaani mtu wa bara.

Mavazi nayo yalisema. Katika miji mingi ya pwani mtumwa hakutazamiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana, na kaniki ilimtambulisha mwanamke mtumwa kabla hajafungua kinywa.

Ubaya wa ngazi ni kwamba kila aliye juu yake humtazama aliye chini na kupata faraja. Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Katika miaka ya 1870 watumwa wa mashamba ya miwa kando ya mto Pangani, ambako kazi ilikuwa ngumu kupita kiasi, waliasi na kutoroka. Mwanahistoria Jonathon Glassman, aliyechunguza kwa kirefu habari za Pangani, anaonesha kwamba watumwa wengi wa pwani hawakudai ngazi ivunjwe. Walidai kupanda: kuoa kwa heshima, kuwa na kishamba chao, kushiriki sherehe za mji, kuhesabiwa kuwa watu wa mahali. Tusiwahukumu haraka. Mtu aliyeporwa kwao anatafuta kwanza pa kuhesabiwa.

Na huyohuyo aliyekuwa mtumwa Pangani, akijitwika mzigo katika msafara wa kwenda bara, alijiita muungwana mbele ya watu wa huko, akawaita wao washenzi. Ndiyo sababu Kiswahili cha Kongo Mashariki kiliitwa Kingwana: ni lugha ya waungwana, ingawa wengi wa waliokipeleka huko hawakuwa waungwana kwa hesabu ya pwani.

Kuna methali tunayoipenda sana katika hotuba za utamaduni: mkataa kwao ni mtumwa. Tunaitumia kuwaonya vijana wasidharau mila. Tukiisoma taratibu, inatueleza msingi wa tabaka lile. Mtumwa hakuwa lazima maskini, maana wapo watumwa waliofanya biashara na kushika fedha kuliko waungwana wengi. Mtumwa alikuwa mtu asiye na kwao, asiye na mjomba wa kumsemea wala kaburi la babu la kuonesha. Tofauti ni kwamba methali inamlaumu kana kwamba alikataa mwenyewe.

Wazigua wanaujua mzigo huo. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga, na wengi wakaishia majahazini. Wazao wao husimulia kwamba walidanganywa kuwa wanapelekwa kwenye kazi na chakula. Walifikishwa Somalia kusini, wakawa watumwa. Baadaye wengi walitoroka, wakajenga vijiji vyao katika misitu ya mto Juba, na Kizigua hawakukiacha. Wengi wao walipokea Uislamu, dini ya mabwana wao wa zamani. Lakini dini moja haikuleta ndoa moja. Waliendelea kuitwa jareer, wenye nywele ngumu, na koo za Kisomali zilisita kuwapa mabinti. Vita vya 1991 vilipoanza hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Baadhi yao walikimbilia katika mkoa walikotoka babu zao, na wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Karibu miaka 160 ilikuwa imepita, na bado walikuwa na neno la kuwaita watu wa kwao.

Sheria kwa upande wake ilikuja kidogo kidogo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Waingereza walifuta utumwa Tanganyika mwaka 1922.

Kabla ya hapo tabaka jingine lilikuwa limekwisha kupandwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na 62 tu iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Wakataji waliletwa kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, Warundi. Kila mmoja alipewa namba, na kwa hiyo wakaitwa manamba. Kipande chake kilikuwa na nafasi 30 za kujazwa, siku kwa siku. Kwa wenyeji wa pwani manamba alikuwa mtu wa kuja. Hakununuliwa, alilipwa, aliweza kurudi kwao mkataba ukiisha. Haifai kumlinganisha moja kwa moja na mtumwa. Lakini ona jina. Mtumwa aliitwa kwa kutumwa kwake, kibarua kwa karatasi yake, manamba kwa namba yake.

Kanisa nalo lisijitoe katika habari hii. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa watumwa kwa fedha, hasa watoto, wakawajengea kijiji. Waliokombolewa walipata jina, ndoa na shamba. Hata hivyo misheni ndiyo iliyopanga kazi yao, sala zao na mara nyingi mchumba wao. Walikuwa wamepata kwao, lakini kwa masharti ya mwenye nyumba.

Katika falsafa Aristotle ndiye anayetusumbua. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa anasema wapo watu ambao kwa maumbile ni watumwa, na kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai. Hoja yake haikufa kwa sababu inapendeza kila aliye juu. Jibu moja lenye nguvu tunalipata kwa Antonio Rosmini, padre na mwanafalsafa wa Italia (1797–1855), na Tanga ina sababu ya kumjua. Jimbo la Tanga, lililoundwa mwaka 1958, lililelewa na mapadre wa shirika lake, na Eugene Arthurs, askofu wa kwanza, alikuwa mmoja wao. Rosmini anafundisha kwamba mtu hapewi haki na jamii kama anavyopewa kanzu. Nafsi ya mtu ndiyo haki yenyewe, ikiwa hai. Kwa hiyo hata asiye na ukoo, asiye na wa kumsemea, hajapungukiwa kitu cha kumfanya awe mtu. Huyo huyo Rosmini, alipoandika juu ya majeraha matano ya Kanisa, aliweka kwanza utengano kati ya makleri na watu katika ibada. Kitabu kilitoka mwaka 1848, na mwaka uliofuata kikapigwa marufuku. Mwaka 2007 mwandishi wake alitangazwa Mwenyeheri.

Watu wa pwani pia walijibu kwa njia yao. Muungwana ni vitendo, walisema, na kwa maneno matatu wakalichukua neno la ukoo wakalifanya la tabia. Sisi tunaona kwamba ushindi huo haujakamilika. Sikilizeni wasifu wa marehemu unaposomwa kwenye mazishi parokiani. Wa mstaafu mwenye vyeo huchukua dakika ishirini: ukoo, shule, nyadhifa, safari. Wa mzee aliyekata mkonge miaka arobaini huwa mistari mitatu, na mara nyingine hapajulikani kijiji alikotoka. Likizo inakaribia, na wengi wetu tutapangiwa parokia zenye kambi za zamani za mkonge. Wazee wachache bado wapo, na wanaikumbuka namba waliyopewa. Je, nani kati yetu ameshawauliza jina la kijiji chao, na la mama yao, wakiwa bado wanaweza kujibu?