Pesa za kusafisha mto zikae kwenye simu ya nani?

Tuchukue kikundi cha kujitolea pale Nakuru, watu 40, wanaosafisha kingo za Mto Njoro Jumamosi moja kila mwezi. Mto huu unatoka Mau Mashariki na kuishia Ziwa Nakuru. Ziwa lenyewe halina njia ya kutolea maji, kwa hivyo chupa ya plastiki ikiingia humo imeingia. Kazi ni ya bure, lakini glavu, magunia, chai na lori la taka zina bei.

Hapo ndipo mjadala huanza. Kuna wanaotaka mfadhili mmoja alipe kila kitu. Kuna wanaotaka kila mtu achange. Na kuna wa harambee ya dakika za mwisho, ile ya ujumbe wa Ijumaa usiku. Mnaijua.

Sisi tunaegemea mchango mdogo wa kila mwezi kwa vitu vya kawaida. Kwenye M-Pesa, kumtumia mtu hadi shilingi 100 hakuna ada, basi watu 40 wakitoa mia mia, shilingi 4,000 zinafika nzima. Lori ndilo la kumwombea mfadhili, na msimwombe pesa mkononi. Mpeni namba ya till ya mwenye lori alipe moja kwa moja. Mwakani akijitoa, glavu na chai bado mnazo.

Mnaweza kukubaliana haya yote, halafu laini moja ya simu iwaharibie. Tuseme michango inaingia kwa simu ya mweka hazina, naye ana deni la Fuliza la shilingi 1,500. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini hiyo hulipa deni kwanza, bila kuuliza ni ya nani. Watu 15 wa kwanza wametuma, na salio bado ni sufuri. Hajaiba kitu. Ila Jumamosi asubuhi glavu ni pungufu, naye anaona haya kusema kwa nini, na hapo watu wanaanza kunong'ona. Tunaona huruma kwa mweka hazina wa aina hii, maana mara nyingi ndiye aliyejitolea zaidi.

Kwa kuanza, tumieni laini ya pembeni ambayo haijajiunga na Fuliza, na PIN ajue mwenye laini peke yake. Mkidumu, jisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, na nyinyi mmeshapita. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba paybill kwa jina lake, na kuchagua watu zaidi ya mmoja wa kuidhinisha matumizi. Kabla ya kutia sahihi ulizeni ada itabebwa na nani, kikundi au mchangaji. Kwenye mchango wa mia moja, hata shilingi chache zinaonekana.