Kufundisha Uchaguzi wa Pawasaplai kwa Kompyuta ya Kujiundia

Katika ziara ya mazoezi ya kufundisha tulimkuta mwanachuo akiwaeleza wanafunzi wa Darasa la Saba namna ya kuunda kompyuta kwa sehemu zilizonunuliwa mojamoja. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, kompyuta ikihitaji wati 200, tukiipa pawasaplai ya wati 500 haitaungua?" Mwanachuo akajibu kwamba itaungua. Nasi tuliokaa nyuma kukagua somo tulinyamaza mpaka kengele ikalia. Watoto wakarudi nyumbani na jibu lisilo kweli. Makala hii yakusudia kulipa deni hilo.

Pawasaplai ni kile kisanduku cha chuma chenye feni kinachokaa ndani ya kasha la kompyuta. Hupokea umeme wa ukutani, ambao hapa Tanzania ni mkondo geu wa volti 230, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3.

Yafaa mwalimu aanze na tofauti ya volti na ampea, asikimbilie wati. Volti ni msukumo. Hutolewa na pawasaplai, na hauna budi kulingana na ule unaotakiwa. Ampea ni wingi wa mkondo, na huo kompyuta huuvuta yenyewe kwa kadiri ya kazi yake. Tangi la lita 1,000 na tangi la lita 200, yakiwekwa juu ya mnara mmoja na kujazwa maji hadi usawa mmoja, huyasukuma maji bombani kwa nguvu ileile. Vivyo hivyo, pawasaplai ya wati 500 katika kompyuta inayotumia wati 200 hutoa wati 200 tu. Ya kuogopwa ni ile ya wati 150: itazimika ghafla, au, ikiwa duni, itaungua na pengine kuharibu sehemu nyingine.

Baada ya hapo hesabu haina ugumu. Tuseme prosesa ni wati 65, bodi kuu pamoja na kumbukumbu wati 45, diski wati 10, na feni wati 5. Jumla ni wati 125. Tuongeze nusu yake, kwa kuwa prosesa huweza kupita kiwango chake kwa muda mfupi, na diski huvuta zaidi inapoanza kuzunguka. Tunapata takriban wati 188.

Sasa mwalimu achore ubaoni lebo mbili. Ya kwanza imeandikwa wati 400, na katika mstari wa volti 12 pana ampea 14. Ya pili imeandikwa wati 300, na mstari huohuo una ampea 22. Karibu darasa zima litachagua ya kwanza. Mwalimu asiseme neno; awaachie wazidishe. Lebo ya kwanza inatoa wati 168 katika volti 12, ya pili wati 264. Kwa kuwa kompyuta za siku hizi huchukua sehemu kubwa ya umeme wao katika volti 12, inayofaa ni ya pili. Kwa maoni yetu zoezi hili lina thamani kuliko maelezo ya saa nzima.

Kuhusu umbo, kasha la kawaida la ATX hupokea kisanduku chenye upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Plagi zinahitaji uangalifu zaidi. Ile ya prosesa na ile ya kadi ya picha zote huweza kuwa na pini nane, lakini nyaya zake zimepangwa kinyume. Anayeilazimisha moja iingie mahali pa nyingine huleta shoti.

Kabla ya kuwasha, mwalimu atazame nyuma ya kisanduku. Vingine, hasa vya zamani, vina swichi ndogo ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115 katika soketi zetu, kisanduku hupasuka kwa kishindo. Jambo hilo lifanywe na mwalimu mwenyewe. Kisanduku kibovu nacho kisifunguliwe darasani hata kikiwa kimechomolewa, maana kapasita zilizomo huhifadhi chaji yenye uwezo wa kumdhuru mtoto.