Mtoto Anayenyamaza Darasani Hajakosa la Kusema

Januari, wazazi wakiwa mashambani wanapalilia mtama na uwele, mtoto wa miaka sita wa kijiji kimoja cha Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, huanza darasa la kwanza. Nyumbani ni msemaji hodari. Anawajua ng'ombe wa babu yake mmoja mmoja, anasimulia fisi alivyozunguka zizi usiku, anabishana na bibi yake mpaka bibi anacheka. Yote hayo kwa Cigogo, lugha ya Wagogo. Shuleni mwalimu anamuuliza swali kwa Kiswahili, naye anainama na kuchezea kifungo cha shati.

Ni rahisi kumwita mzito. Ni kosa kubwa, na linaweza kumfuata mtoto hadi darasa la saba.

Mkoa wa Dodoma una lugha nyingi za nyumbani. Wapo Wagogo, wapo Warangi wa Kondoa, na Chemba wapo Waburunge na Wasandawe, ambao lugha zao si za Kibantu. Mtoto wa Kigogo husikia katika Kiswahili maneno yanayofanana na ya kwao. Mtoto wa Kisandawe, aliyekulia katika lugha yenye sauti za vidoko, hapati msaada huo. Lakini wote wanafundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la awali, na baadhi yao hukutana nacho kwa mara ya kwanza siku wanayovaa sare.

Tuchukue neno moja. Mtoto anaulizwa mama yake ameenda wapi, anajibu kwamba ameenda kuchota malenga. Kwa Mswahili, malenga ni mtunzi wa mashairi. Kwa Mgogo ni maji. Darasa likicheka na mwalimu naye akicheka, mtoto huyo anaweza asinyooshe mkono tena muhula mzima. Mwalimu anayejua kazi yake hujibu: "Ahaa, mama ameenda kuchota maji! Kisima kiko mbali?" Neno sahihi limetajwa, kosa halikutangazwa, na mazungumzo yanaendelea.

Tatizo jingine ni muda. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yalifurika. Kipindi cha dakika 30 chenye watoto 80, wakisema mmoja mmoja, kinampa kila mtoto sekunde 22 tu, na hapo mwalimu hajafungua kinywa. Wakipangwa wawili wawili wasimuliane kwa dakika tano, kila mmoja anapata zaidi ya dakika mbili, tena mbele ya rafiki mmoja badala ya darasa zima. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu anayepita dirishani azizoee.

Dodoma ina uzoefu wake katika jambo hili. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa ufadhili wa Uingereza, uliandaa mafunzo ya utayari wa shule kwa watoto ambao hawakupata elimu ya awali. Waliofundisha walitoka kwenye jamii zenyewe. Hadithi, nyimbo na michezo vilitangulia, na mtoto alizoea kusema Kiswahili kabla ya kukabidhiwa kalamu.

Kumwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya nyumbani si njia ya kumzoesha lugha ya shule. Katika baadhi ya shule za Wales, karne ya 19, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni. Afrika Mashariki nayo inakijua kibao cha namna hiyo. Leo Wales imegeuka. Mwaka 2017 serikali yake iliweka lengo la kufikisha wasemaji milioni moja wa Kiwelisi ifikapo 2050, na shule za msingi zinahimizwa kuifanya lugha hiyo kuwa ya michezo uwanjani, isiishie kwenye daftari.

Mzazi asiyejiamini kwa Kiswahili bado ana kazi kubwa ya kufanya. Amtegee mtoto vitendawili kwa Cigogo, amwache asimulie safari ya kisimani kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Anayeweza kupanga habari vizuri kwa lugha ya mama anachohitaji shuleni ni maneno mapya tu. Vikao vya Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA, ni mahali pazuri pa kulizungumza hili.

Naye mwalimu aliyehamia Kongwa kutoka Tanga au Kagera anaweza kuanza na salamu moja ya Cigogo asubuhi, mlangoni pa darasa: "Mbukwenyi!" Kisha asikilize jinsi watoto watakavyomwitikia.