Mbaruti Chotara na Mwanzo Sura ya 1

Vijana wapendwa, mwenzenu mmoja alinibana baada ya Misa: "Frateri, Mwanzo 1 inasema kila mmea huzaa kwa jinsi yake. Mbona basi kuna mimea chotara? Biblia imekosea?" Aliuliza kama mtu aliyekwisha anza kuaga. Nikamwomba wiki moja.

Nilichompelekea ni mbaruti, jina mnalolijua kwenye Mathayo 7:16. Milimani Ulaya, Scotland kwa mfano, ipo mibaruti miwili. Cirsium heterophyllum karibu hauna miiba, majani ni meupe upande wa chini, na mara nyingi shina hubeba ua moja kubwa. Cirsium palustre ni miiba mitupu, hadi kwenye shina, na maua yake madogo hukaa kwa vishada. Yote miwili hupenda mahali penye unyevu. Nyuki hupita kwa huu na kwa ule, chavua inachanganyika, na unaota mmea wa katikati: miiba ipo, ila imepungua ukali. Wataalamu huuandika Cirsium × wankelii, na alama hiyo ya kuzidisha ndiyo inayosema ni chotara. Hakuna mkulima aliyeupanda.

Linnaeus, aliyeorodhesha wazazi wote wawili mwaka 1753, alianza akiamini aina hazibadiliki. Machotara yalimfanya alegeze msimamo wake.

Sasa Biblia. Waisraeli walijua uchotara vizuri tu. Walawi 19:19 inakataza kupandisha mifugo ya aina mbili. Huwezi kukataza kisichowezekana, sivyo? Tena 1 Wafalme 1:33, Solomoni anakwenda kupakwa mafuta amepanda nyumbu wa Daudi. Nyumbu! Mtoto wa punda na farasi. (Ndiyo, mistari hiyo miwili inavutana kidogo, nami bado naitafakari.) Kwa hiyo anayesoma Mwanzo 1 kama kanuni ya baiolojia isiyo na chotara anawabebesha Waisraeli kosa ambalo hawakulifanya. Sura ile inasema viumbe na mpangilio wao vinatoka kwa Mungu. Dei Verbum, namba 12, hati ya Mtaguso ya mwaka 1965, inatudai tuangalie pia mwandishi alitumia mtindo gani wa uandishi.

Kijana alisoma, akanyamaza kidogo, akasema: "Sawa Frateri. Na miiba ya Mwanzo 3:18 je?"

Nimeomba wiki nyingine.